Shaw Henderson: Askari au Jaji?

Mwalimu mwenzangu, watahiniwa wengi wanaoisoma Mzalendo Kimathi, tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo (1976), hutaja ubaguzi wa rangi kwa sentensi moja, kisha hukimbilia ushujaa. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza: "Mbona anayeketi kitini pa jaji ndiye anayemjia mfungwa seli kumshawishi?" Hapo alikuwa ameishika tamthilia.

Katika historia hao walikuwa watu wawili. Ian Henderson alikuwa afisa wa polisi aliyeongoza msako. Kesi ilisikizwa Nyeri, Novemba 1956, na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Watunzi wamewaunganisha wakapata Shaw Henderson. Je, wamepotosha? Sidhani. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa zama hizo aliamuliwa na baraza la Wazungu wenzake. Mwafrika aliwekewa washauri ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Na aliyemkamata Kimathi alikuwa askari wa akiba Mwafrika, mtu wa papo hapo Nyeri.

Usiwapuuze Mvulana na Msichana, chokoraa wanaogombania pesa barabarani. Serikali haiwajui ila kwa kuwafukuza, lakini Mwanamke anawakabidhi mkate uliofichwa bastola. (Wanabadilika upesi mno, nakiri, huo ni udhaifu.)

Kabla ya insha, mwulize mtahiniwa: mahakamani, Wazungu wameketi wapi, na Waafrika wapi? Maelekezo ya jukwaani yanajibu kabla mhusika yeyote hajafungua kinywa.