Mkulima na Manamba: Utubora Mkulima katika Nchi ya Mkonge

Riwaya ya Shaaban Robert, Utubora Mkulima, iliyochapwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwa mwandishi wake, imezoea kuhukumiwa kwa njia mbili. Wako wanaoisifu kuwa ni wasia juu ya kilimo na kujitegemea, na wako wanaoilaumu kuwa ni ndoto ya mtu aliyeukimbia mji. Pande zote mbili zimepitiwa na swali moja: neno mkulima lilibeba maana gani mahali alipozaliwa na kufanyia kazi mtungaji mwenyewe?

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, na miaka ya mwisho ya ukarani wake serikalini, kuanzia 1946, aliitumikia Tanga. Nchi hiyo ilikuwa ya mkonge. Miche iliyoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ilitoka Florida. Mingi ilikufa njiani, ikasalimika 62 tu. Mwaka huohuo ulianza ujenzi wa reli ya kutoka Tanga kwenda bara, na mashamba yakaifuata reli hiyo Muheza, Korogwe na Mombo. Kufikia 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, ikawa mbele ya nchi zote duniani. Shamba la namna hii lilikuwa kiwanda kilicholala juu ya udongo: majani hukatwa, hufungwa matita, husafirishwa kwa vigari vya reli mpaka kwenye korona, mashine iliyopewa jina la chapa ya Kijerumani, hadi korona likawa jina la kiwanda chenyewe.

Kiswahili kiliweka historia hii kabla waandishi hawajaishika kalamu. Mkonge lilikuwa jina la mmea wa nyuzi wa pwani, nalo likavishwa mgeni. Kibarua aliyeajiriwa mbali, Ubena, Ungoni, Unyamwezi au Ruanda-Urundi, alipewa namba, na namba ikamgeuza kuwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, nayo Waswahili waliijua kwa ufupisho wake, Silabu. Neno kipande ndilo linalomtatiza zaidi msomaji wa Kenya. Kwake yeye kipande ni kile cheti kilichoning'inizwa shingoni ndani ya kikebe cha bati baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ili Mwafrika ajulikane ni nani na ni wa nani. Huko Tanga kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kibarua alitiwa alama kila alipomaliza sehemu aliyopimiwa, na hesabu ya mshahara ilingoja siku 30 zitimie. Kimoja kilimfunga mtu, kingine kilizifunga siku zake. Kamusi inayotoa maana moja tu ya neno hili inaficha nusu ya mateso.

Sasa na turejee kwa Utubora. Anaacha ukarani kwa tajiri Ahmed na kwenda kulima Busutamu. Anaacha mshahara kwa hiari yake, analima kwa saa anazozipanga mwenyewe, na jasho lake halihesabiwi na mnyapara. Katika nchi ya vipande, hiyo si ndoto nyepesi. Wenyeji wengi wa Usambaa na Bonde waliikwepa kazi ya mkonge kwa kadiri walivyoweza, wakashika majembe yao. Ndiyo maana wenye mashamba walilazimika kutafuta watu mbali hivyo. Riwaya imeinua kuwa falsafa jambo ambalo majirani wa mtungaji walilitenda bila kuliandika. Wanaosema kwamba amekimbia uhalisi hawajautazama uhalisi wenyewe ulipokuwa.

Hata hivyo lawama haimwachi mwandishi kabisa. Mkulima huru wa Tanga hakuwa peke yake. Baadhi ya wakulima hao waliwauzia vyakula watu wa kambi za mkonge, hivi kwamba uhuru wa jembe moja ulilishwa na utumwa wa siku 30 wa panga lingine. Busutamu, jina la kubuni lenye utamu wake hata matamshini, haina kambi, haina korona, haina mgeni mwenye namba. Uzuri wa lugha ya Shaaban Robert, wenye sentensi zake zilizopimwa kama ubeti, unaifunika pengo hilo kwa urahisi mno. Manamba wa Mazinde waliogoma mwaka 1958, akiwa bado hai mtungaji, hawakuwa na Busutamu ya kuendea. Walitaka masharti bora palepale walipokuwa.

Wahakiki wa Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967, mwaka ambao mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, walimsoma Utubora kama mjamaa wa mapema au kama mbinafsi mpole. Masomo yote mawili yanamtenga na manamba. Yafaa riwaya isomwe pamoja na msamiati wa kambi: Utubora upande mmoja, na upande wa pili mtu wa Ubena aliyefika Korogwe, akaitwa kwa tarakimu, akakabidhiwa kadi yenye visanduku 30 vitupu.