Usinikanyage: Bendera Inayosema Kama Kanga

Bendera nyingi hazisemi. Zinakupa rangi, kazi ya kusoma wanakuachia wewe. Hii ya majini ya Marekani ina maneno kabisa: mistari 13 myekundu na myeupe, nyoka mwenye njuga mkiani amejinyoosha juu yake, na onyo chini: Usinikanyage. Tuseme ukweli, hiyo ni kanga. Ina picha, ina jina, na ina mtu anayesemwa.

Leo inauzwa ya nailoni, ya kutundika nje. Nailoni siibishii: ni nyepesi, upepo mdogo tu inapepea, ikilowa inakauka upesi. Upande unaopigwa na upepo hushonwa mara kadhaa usichanike. Kilichoshonwa kwa uzi mbovu ni historia inayouzwa pamoja nayo, kwamba ndiyo iliyopepea omoni mwa meli za kwanza za vita za Marekani mwaka 1775.

Esek Hopkins, kamanda wa meli hizo, aliacha maagizo ya ishara ya mwaka 1776. Yanataja bendera ya mistari, nyoka hayumo. Mwaka 2004 mtafiti Peter Ansoff alipitia ushahidi, akaona kuna uwezekano mkubwa ilikuwa mistari mitupu, nyoka akaongezwa na wachoraji na waandishi wa baadaye.

Nyoka kama alama ni wa zamani kweli. Benjamin Franklin alimchapisha amekatwa vipande mwaka 1754 kuyahimiza makoloni yaungane. Maneno hayo hayo yamo kwenye bendera ya njano ya Christopher Gadsden, mfanyabiashara wa Charleston. Gadsden huyo alimiliki watumwa, na kwenye gati lililobeba jina lake waliteremshwa maelfu ya Waafrika ili wauzwe. Sasa nani alikuwa anamkanyaga nani?

Swali hilo lilirudi mwaka 2002, meli zote za jeshi la majini la Marekani zilipoamriwa kuipandisha kwa ajili ya vita dhidi ya ugaidi. Ilikaa hadi Juni 2019. Mpangaji akijifunga kanga yenye jina hilo, mtaa mzima unamwelewa. Akijifunga mwenye nyumba, tena anayemiliki mtaa wote, jina halijabadilika hata herufi, ila limekuwa kitisho.

Kama mchoro, bendera hii ni kali, inasomeka kwa mbali. Kama ushahidi wa 1775, haitoshi. Anayeitundika ukutani kwake ajiulize kwanza yeye ni mpangaji au mwenye nyumba.