Pistoni Mbili, Platini Moja

Mtu akisikia "silinda mbili" hudhani kila kitu ndani ni viwili viwili: kabureta, koili, platini. Honda CD175, pikipiki ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ina pistoni mbili za kipenyo cha milimita 52 na mwendo wa milimita 41, jumla cc 174. Kabureta ni moja, koili moja, platini seti moja.

Jibu liko kwenye krankshafti. Pini zake mbili zimekaa upande mmoja, hivyo pistoni hupanda pamoja na kushuka pamoja. Injini ya mipigo minne humaliza kazi kwa mizunguko miwili. Hapa silinda moja inawaka mzunguko huu, ya pili mzunguko unaofuata. Mvuto wa hewa nao unakuja kwa zamu sawasawa, na kabureta moja inatosha.

Cheche ndiyo inayonifurahisha zaidi. Koili ina nyaya mbili. Platini zikiachana, plagi zote mbili zinapiga kwa pamoja: moja inakuta petroli na hewa vimeshindiliwa, nyingine inakuta moshi unatoka, cheche yake inapotea bure bila madhara. Ila kuna mtego. Umeme hutoka kwenye plagi moja, hupita kwenye kichwa cha injini na kurudi kupitia ya pili. Ukichomoa waya mmoja ukauacha unaning'inia, unaweza kuzizima zote mbili, na koili nzima ikatupwa jalalani. Plagi unayoipima iguse chuma.

Gharama ya mpangilio huu ni mtikisiko, kwa kuwa uzito wote unarushwa upande mmoja kwa wakati mmoja. Kwenye CB72 ya cc 247 Honda walipanga kinyume: pistoni moja juu, nyingine chini. Mtikisiko wa juu na chini ukapungua, milipuko ikapoteza zamu sawa, na kabureta zikawa mbili.

Sasa ipeleke CD175 Mvumi, kusini-mashariki mwa Dodoma mjini. Kwenye mwinuko wa huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, kwa hiyo nguvu farasi 17 zilizotangazwa zinabaki 15 na ushee. Plagi zikianza kuwa nyeusi, shusha sindano ya kabureta nochi moja. Hilo ni dogo.

Tatizo ni mchanga. Mmomonyoko ulifika mahali ambapo mwaka 1986, chini ya HADO, mradi wa kuhifadhi ardhi Dodoma, mifugo iliondolewa katika tarafa ya Mvumi. Kwenye kivuko cha korongo lililojaa mchanga huo unahitaji injini inayovuta taratibu, kwa mizunguko michache. CD175 yenye mwendo mfupi wa pistoni inatoa nguvu zake karibu na mizunguko 10,000 kwa dakika, na ukiifikisha huko mchangani, tairi la nyuma linachimba tu.

Ndiyo maana, kwa njia hiyo, ningechukua CG125 ya silinda moja, ya mwaka 1976, ingawa ina nguvu kidogo. Pistoni yake ina mwendo wa milimita 49.5. Kamshafti iko chini, inaendeshwa na gia, na vali zinasukumwa kwa fimbo. Haina cheni ya taimingi ya kulegea, na oili haina safari ndefu kuifikia kamshafti. Pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zilifuata ramani hiyohiyo.