Mluzi wa Smetana, Salfa ya Newala

Mwishoni mwa kwarteti ya kwanza ya Bedřich Smetana, Kutoka Maisha Yangu, fidla mbili, viola na chelo zinacheza dansi ya kwao Bohemia, kisha zinakata ghafla. Kimya. Fidla ya kwanza inapanda hadi E ya juu sana na kuganda hapo, nyembamba kama waya, huku vyombo vingine vikitetemeka chini yake. Smetana alieleza mwenyewe kwamba huo ndio mluzi uliomlia sikioni mwaka 1874, alipopoteza usikivu akiwa na miaka 50. Aliimaliza kazi hii mwaka 1876, akiwa kiziwi.

Wengi huisikia sauti ile kama hukumu. Mimi naisikiliza nikiwa Newala, na mluzi wangu mwenyewe juu yake.

Wangu ulikuja baada ya misimu ya kupuliza salfa. Aliyekulia kwenye mikorosho ya Masasi au Newala anaijua kazi hiyo: ubwiriunga ukianza kutishia maua, unabeba mgongoni mashine yenye injini, inanguruma kisogoni tangu alfajiri. Pua tunaifunga kitambaa kwa ajili ya vumbi. Masikio hakuna anayeyakumbuka. Usiku wa kwanza nilitoka nje kuutafuta. Jenereta ya nani? Panzi? Upepo wa bonde la Ruvuma ukitulia, huku juu kunakuwa kimya kabisa, na kimya ndicho kinachoukuza mluzi. Bibi akanituliza: “Mjukuu wangu, sikio likilia kuna mtu anakusema.” Basi mtu huyo hachoki.

Hofu ile ya ghafla Smetana ameipatia. Lakini sauti yake hudumu sekunde chache tu, halafu inaondoka, maana muziki lazima uishe. Mluzi wa kweli haumtii mtunzi. Chembe za sikio zinazopokea sauti za juu zikifa hazioti tena, na ubongo hujaza pengo lake. Kidonge cha kuuondoa hakuna. Kinachowezekana ni mazoea: ubongo ukishaona kwamba sauti ile haina habari mpya, unaacha kuishughulikia. Hilo fidla ya kwanza hailijui.

Wale watatu wa chini wanalijua. Wanatetemeka, lakini hawaachi kupiga, na baadaye nyimbo za mwanzo zinarudi vipande vipande, polepole, hadi nyuzi za mwisho kudonolewa kwa vidole. Wanaoita mwisho huo kukata tamaa, nadhani wameusoma wasifu kuliko walivyousikiliza muziki.

Hata hivyo kuna kitu karibu zaidi na maisha haya. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala na fonografu, akarekodi nyimbo za watu wa huku kwenye silinda za nta. Rekodi za aina hiyo hukwaruza mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni unasikia mkwaruzo tu. Baada ya muda unamsikia mwimbaji, anavuta pumzi, anaitikiwa. Mkwaruzo haujapungua hata kidogo.

Anayeanza kulia masikio leo ningempa silinda ya nta kabla ya kwarteti. Na vizibo vya masikio, kabla msimu wa salfa haujafika.