Filamu Isiyo na Muujiza

Waumini wengi wakiulizwa kama filamu ni nzuri, hujibu kwa kuhesabu: mabusu mangapi, chupa ngapi za pombe, matusi mangapi. Kwa hesabu hiyo Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina ingepita bila shida. Mimi naipenda kwa sababu nyingine, na ninalo jambo la kuilaumu pia.

Ilionyeshwa kwanza Berlin mwaka 2018, na Kenya ikaiteua iiwakilishe kwenye tuzo za Oscar. Jo ana miaka tisa na ugonjwa usiotibika. Mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitalini ili siku zilizobaki aishi nyumbani. Mtoto huyu anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, basi dada yake Mwix anamshawishi kwamba naye anazo nguvu hizo, kisha anakiomba kijiji kizima kishiriki mchezo huo. Kuna mahali watu wanaganda, kana kwamba Jo amesimamisha wakati. Hapa Maretadu vijana waliozoea filamu za kutafsiriwa za kwenye mabanda ya video walicheka sana hapo. Mimi nilikuwa namtazama mama.

Mama hautaki mchezo huo. Wainaina angeweza kumfanya mtu mkavu, mzuia furaha. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo ninapomheshimu. Swali la mama ni la amri ya nane: je, tunamdanganya mtoto? Mkristo asilikimbie swali hilo, maana nasi tuna la kujibu. Tunasimama kando ya kitanda cha mtu ambaye madaktari wamesema hawana la kufanya zaidi, tunamwambia kwa sauti kubwa kwamba atapona, halafu tunarudi nyumbani, naye anabaki na ahadi ambayo hatukupewa ruhusa kuitoa. Tunaiita imani. Mwix hamwahidi Jo uzima. Anampa mchana wa kucheza na watu wa kucheza naye. Bwana wetu alilia kwenye kaburi la Lazaro, ingawa alijua atakalolifanya dakika chache baadaye. Hakuyaruka machozi ili aufikie muujiza. Katika Supa Modo muujiza hauji, na mwongozaji hakuuazima mahali popote.

Sisi Wairaqw tuna sababu yetu ya kuitazama kwa makini. Katika desturi ya wazee ya metimani, nyumba iliyoguswa na kifo ilitengwa kwa muda, jirani asiingie. Katika filamu hii kijiji kinaingia kabla ya kifo, kikiwa kimevaa mavazi ya kuchekesha.

Najua wanaopenda sinema ya hali ya juu wataniuliza kuhusu Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka katika riwaya ya Adam Shafi na kufika Toronto mwaka 2021. Ni fahari ya Tanzania, na Unguja ya miaka ya 1950 haijapata kupigwa picha kwa uzuri kama ule. Lakini kwangu uzuri huo umezidi. Dhiki ya Denge na wenzake inapita mbele yetu imepambwa, nami nikajikuta nikisifu mwanga badala ya kumwogopea mtu. Wengine watasema mimi ni mshamba. Labda, lakini Jo nilimwogopea.

Lawama yangu kwa Wainaina ni hii: kijiji chake ni chema kupita kiasi. Kila mtu anakubali, mapema mno. Nimetembelea nyumba za wagonjwa miaka mingi na najua wapo wasiofika: aliyegombania mpaka wa shamba na baba wa mgonjwa, anayeogopa, asiye na la kusema. Ningetaka kamera imfuate mmoja wao, asimame na kofia mkononi nje ya ua wa mama Jo, akisikia kicheko cha ndani, asijue aingie au ageuke.