Nchi Iliyo Fasiri ya Kitabu: Uhakiki wa *The Land and the Book* cha W. M. Thomson

Miongoni mwa maandiko ya ibada ya Kikristo liko kundi moja ambalo wahakiki wa fasihi wamelipita bila kuligeukia. Nalo ni kundi la vitabu vinavyomwongoza msomaji mji kwa mji na kisima kwa kisima katika nchi za Biblia, ili imani yake ipate kugusa udongo. Vitabu hivi havihesabiwi kuwa historia, wala elimu ya dini, wala habari za safari, ingawa vimechota kutoka kote huko. Makala haya yanakusudia kukichunguza kimoja chavyo, *The Land and the Book*, kilichoandikwa na W. M. Thomson na kuchapishwa New York mwaka 1859. Yafaa kukichunguza katika jarida la lugha, kwa kuwa swali kubwa linalozuka ndani yake ni swali la lugha: ni nani aliyezihifadhi maana za maneno ya Biblia, na je, amepewa haki yake?

Thomson alikuwa mmisionari wa Kimarekani. Alifika Beirut mwaka 1833, na kitabu chake kilipotoka alikuwa amekwisha kuijua nchi ile kwa robo karne. Jambo hili lamtenga na wasafiri wa majuma machache waliorudi kwao na kuandika kana kwamba wameona yote. Umbo alilolichagua ni la mazungumzo. Mwandishi na mwenzake wamepanda farasi. Mwenzake auliza, naye ajibu. Kila mlima, kila mmea na kila desturi ya njiani huleta kifungu cha Maandiko. Hivyo nchi yenyewe hugeuka kuwa fasiri, yaani ufafanuzi ulioandikwa kwa mawe na miti pembeni mwa Kitabu.

Haifai kuudharau uwezo wa njia hii. Tuchukue mathalan mfano wa magugu katika Injili ya Mathayo. Msomaji wa Kiswahili akutanapo na neno *magugu* hufikiri juu ya majani yoyote mabaya ya shambani, na kama ni mkulima atashangaa: kwa nini watumishi wamekatazwa kuyang'oa, ilhali palizi ni kazi ya kila msimu? Thomson alieleza kwamba gugu hilo, ambalo wakulima wa Palestina huliita *zawan*, hufanana mno na ngano mpaka masuke yatokeapo, na kwamba mbegu zake zikichanganyika na unga humlevya mlaji. Mara moja mfano wote wanyooka. Katazo la mwenye shamba halikuwa fumbo, bali busara ya mkulima. Hapa kitabu cha ibada kimefanya kazi ambayo tafsiri peke yake haikuweza kuifanya, maana neno la jumla limerudishiwa umbile lake.

Lakini tutazame elimu hiyo ilitoka wapi. Haikutoka katika maktaba. Ilitoka kinywani mwa mkulima. Na hivi ndivyo ilivyokuwa kwa elimu yote ya jiografia ya Biblia katika karne ile. Mwaka 1838 Edward Robinson alisafiri katika Palestina pamoja na Eli Smith, mmisionari aliyekijua Kiarabu vyema, na mwaka 1841 akachapisha matokeo ya safari hiyo. Njia yao ilikuwa nyepesi kuieleza: kusikiliza majina ya vijiji kama wenyeji walivyoyatamka. Gibeoni ilikuwa ingali katika jina la el-Jib, Betheli katika Beitin, Anathothi katika Anata, Mikmashi katika Mukhmas, na Shilo katika Seilun. Dola zilikuja zikaondoka, dini na lugha zikabadilika, lakini majina yalidumu katika ndimi za wakulima. Mwanaisimu hana budi kushangaa, kwa maana hapa matamshi ya watu wasiojua kusoma yalikuwa ndiyo hifadhi ya kumbukumbu iliyo kubwa kuliko magofu.

Sasa tunafika kwenye kasoro ya kitabu cha Thomson, nayo ni kasoro ya aina nzima ya maandishi haya. Mkulima aliyeihifadhi elimu hiyo haonekani kitabuni kama mwenye elimu. Huonekana kama mfano. Akilima, analima kama Elisha; akichunga, anachunga kama Daudi; mkewe akiteka maji, ni Rebeka. Husifiwa kwa kuwa hajabadilika. Sifa hiyo ina hila ndani yake, kwa kuwa mtu asiyebadilika hana historia, na asiyekuwa na historia hana dai lolote juu ya leo yake.

Nayo dhana yenyewe si ya kweli. Nyua za mpungate zilizozunguka vijiji vya Palestina, ambazo wasafiri wengi waliziona kuwa sehemu ya sura ya kale ya nchi, ni za mmea uliotoka Marekani, na kwa hiyo haukujulikana huko kabla ya safari za Columbus. Michungwa iliyoupa mji wa Yafa sifa yake nayo ililetwa karne nyingi baada ya Mitume. Tena mwaka 1858, yaani mwaka mmoja tu kabla ya kitabu kutoka, Dola ya Uthmani ilitunga sheria mpya ya ardhi iliyotaka mashamba yaandikishwe. Na mara nyingi ardhi ya wakulima iliishia katika majina ya matajiri wa mijini. Mtu aliyedhaniwa kuishi katika enzi ya Ibrahimu alikuwa akikabiliana na karani na hati za karne yake mwenyewe.

Huenda msomaji akasema kwamba tunamdai mwandishi asichokiahidi: kitabu cha ibada si kitabu cha siasa ya ardhi, na mwenye kusali hahitaji takwimu. Hoja hiyo ina uzito, nasi twaikubali kwa kadiri. Hata hivyo, Thomson hakutaka tu kuamsha moyo, alitaka kuthibitisha. Hoja yake yote ni kwamba nchi inashuhudia ukweli wa Kitabu. Basi aliyemwita shahidi barazani amejifunga kumsikiliza hata anaposema jambo ambalo halikuulizwa. Na gharama ya kutomsikiliza haikuwa ndogo. Katika vita vya mwaka 1948 zaidi ya vijiji 400 vya Kiarabu katika Palestina vilibaki bila wenyewe. Kimoja chavyo kilikuwa Saffuriyya, ambacho jina lake lilikuwa limelihifadhi jina la mji wa kale wa Sepphoris, karibu na Nazareti. Hatusemi kwamba vitabu vya ibada vilileta vita hivyo. Twasema tu kwamba msomaji aliyezoeshwa kuwaona watu kama picha za pembeni mwa Kitabu hakuwa na mazoea ya kuuliza wamekwenda wapi.

Je, jambo hili latuhusu nini sisi? Vitabu vya aina hii viliandikwa kwa msomaji wa Marekani na Ulaya, ambaye alihitaji kuelezwa mambo ambayo msomaji wa Afrika Mashariki mara nyingi anayajua. Zakayo alipanda mkuyu. Msomaji wa Uingereza apatapo jina la mti huo katika Biblia yake huweza kupotoka, kwa maana jina hilo kwao limepewa mti mwingine kabisa. Lakini mkuyu wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ndio mti uleule hasa, unaoota kando ya mito yetu, na ndio ambao nabii Amosi alikuwa na kazi ya kuutunza. Vivyo hivyo kijito cha Kerithi kilichokauka hakimsumbui mtu wa Kitui, ambaye amezoea kufukua maji katika mchanga wa mto.

Tena lugha yenyewe imetusogeza karibu. Maneno *zeituni*, *theluji*, *malaika*, *nabii*, *roho* na *sadaka* yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu, nayo yana ndugu zao katika Kiebrania. Watafsiri wa Biblia waliyakuta yamekwisha kukaa pwani, yameletwa na biashara na Uislamu. Kwa hiyo Kiarabu, ambacho kilimfungulia Thomson maana za shambani, ndicho pia kilichompa Mkristo wa Mombasa msamiati wa imani yake. Deni ni moja, na sisi tunalo sehemu yetu.

Kwa hiyo hatupendekezi kwamba *The Land and the Book* kitupwe. Kina ushahidi mwingi wa thamani juu ya kilimo, majina na desturi, na mwandishi wake alikuwa mtazamaji makini. Tunapendekeza kisomwe kwa kugeuza utaratibu wake: mahali anapotuonyesha mkulima ili tuone kifungu, tuanze na mkulima. Tuulize neno lake ni lipi, nani alimfundisha, na shamba lilikuwa la nani. Na mwandishi wa Kiswahili atakayetaka kutunga kitabu cha namna hii kwa wasomaji wetu asianze kwa kutafsiri maelezo ya mgeni kuhusu mkuyu. Aanze mtoni, chini ya mkuyu wenyewe, awasikilize wale wanaoutumia.