Mlio wa Goti la Pofu

Zima injini, nyamaza, ngoja. Pofu dume akipita jirani utasikia mlio mkavu kwa kila hatua: tk, tk, tk, kama mtu anayealisha vidole. Mgeni hudhani ni kwato zinagonga mawe. Kwato hazihusiki. Ni magoti, na pakiwa kimya mlio huo hufika mamia ya mita.

Sasa, huyu ni mnyama anayeweza kukaribia kilo 900 akikomaa, lakini bado ni windo la simba, na akiona watu hutimka mapema. Kwa nini atembee akijitangaza?

Watafiti Jakob Bro-Jørgensen na Torben Dabelsteen walilifuata swali hilo kwa pofu wa Kenya, wakachapisha majibu mwaka 2008. Walirekodi milio, wakapima miili ya madume, kisha wakalinganisha. Kadiri dume alivyokuwa mkubwa, ndivyo mlio wake ulivyokuwa mzito.

Ufundi wenyewe, kwa maelezo yao, uko kwenye kano. Dume anapotembea, kano ya mguu wa mbele huteleza juu ya mfupa na kuachia ghafla, sawa na uzi wa zeze uliovutwa ukaachiwa. Mpiga zeze yeyote anajua kwamba uzi mrefu na mnene hautoi sauti nyembamba. Ndiyo maana, kwangu mimi, goti hili linazishinda mbwembwe nyingi za porini. Manyoya husimamishwa, shingo hutunishwa, lakini kano ya mnyama mdogo itaazima wapi urefu?

Mlio hausemi yote. Ngozi inayoning'inia shingoni huongezeka kwa umri, na dume mzee, ambaye misimu yake ya kupanda majike imebaki michache, ana sababu ya kujitosa zaidi. Kishungi cha paji la uso na weusi wa manyoya hufuata homoni, yaani ukali alionao dume kwa wakati huo. Kwa hiyo mpinzani anapata habari za mwili, za umri na za hasira kabla pembe hazijagusana. Na afadhali azipate mapema, maana pembe zile zilizosokotwa, zikisukumwa na shingo nene namna ile, zinaweza kuua.

Simba naye ana masikio, kweli. Ila dume aliyekomaa si kitoweo chepesi, na nadhani hasara ya kusikiwa na simba ni ndogo kuliko ya kupigana kila siku na kila anayejitokeza.

Jua likiwa kali pofu hushinda kivulini, akala zaidi usiku. Gizani kishungi hakionekani, wala ngozi ya shingo. Dume mdogo aliyeinamia majani husikia tk nzito ikija kutoka vichakani. Huinua kichwa, hutega sikio kidogo, kisha husogea pembeni akiendelea kutafuna.